Sukari Sahili si Sukari Rahisi: Historia Fupi ya Majina, Maumbo na Kazi

Utangulizi

Muhula mmoja, katika somo la Tafsiri na Istilahi, niliwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu aya fupi ya biolojia waitafsiri. Wengi wao walipofika kwenye istilahi ya kwanza waliandika "sukari rahisi". Mwanafunzi mmoja aliyeketi nyuma akanyoosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, sukari rahisi ni ile inayouzwa kwa bei nafuu?" Darasa zima likacheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini niliporudi ofisini niliona kwamba swali lile lilikuwa na uzito kuliko majibu yote niliyosahihisha siku ile. Katika Kiswahili neno "rahisi" lina maana mbili zinazojulikana na kila mtu: jambo lisilo gumu, na kitu kisicho ghali. Sukari iliyotajwa katika aya ile haikuwa na sifa hata moja kati ya hizo mbili.

Makala hii inakusudia kueleza kwa ufupi historia ya kundi hilo la sukari ambalo wengine huliita sukari rahisi, wengine sukari sahili, na wengine monosakaridi. Nitaeleza jinsi sukari hizo zilivyopewa majina, jinsi maumbo yake yalivyogunduliwa, na jinsi maumbo hayo yalivyofumbua siri ya kazi zake katika viumbe hai. Mimi si mwanakemia, wala siwaandikii wanakemia. Nawaandikia walimu na wanafunzi wa lugha ambao, wapende wasipende, wataombwa kutafsiri vitabu vya sayansi, vipeperushi vya afya na maelezo ya dawa. Hoja yangu ni moja: sukari hizi zilipata majina muda mrefu kabla ya maumbo yake kujulikana, na kwa hiyo anayefundisha jina peke yake bila umbo amefundisha nusu tu ya istilahi. Nusu iliyobaki inaweza kugharimu maisha ya mtu, kama nitakavyoonyesha mbele.

Asili ya neno sukari

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kililipata neno "sukari" kutoka Kiarabu, ambako ni "sukkar". Waarabu nao walilipokea kutoka Kiajemi, "shakar", na Waajemi wakalipata kutoka Bara Hindi. Katika Kisanskriti neno "sharkara" lilikuwa na maana ya changarawe au mchanga wa chengachenga, na baadaye likatumika kwa ajili ya chembe tamu zilizotokana na maji ya miwa yaliyochemshwa. Neno hilohilo liliingia katika Kigiriki na Kilatini, na huko ndiko wanasayansi walikochota "sakaridi". Kwa hiyo mwalimu anayesema "sukari" na mwanakemia anayesema "monosakaridi" wanatumia mzizi mmoja uliopita njia mbili tofauti. Neno halikuishia pwani. Waganda husema "ssukaali", Wanyarwanda na Warundi "isukari", na wasemaji wa Kilingala "sukali".

Hata hivyo, sukari tunayonunua dukani, ile inayotengenezwa Lugazi tangu mwaka wa 1924 na Kakira tangu mwaka wa 1930, si sukari sahili. Jina lake la kitaalamu ni sukrosi. Kila molekuli ya sukrosi ni ndoa ya sukari mbili ndogo, glukosi na fruktosi. Kimeng'enya kilichomo ndani ya utumbo huivunja ndoa hiyo, na kila mmoja hushika njia yake. Glukosi na fruktosi zenyewe haziwezi kuvunjwa tena kwa njia hiyo zikatoa sukari ndogo zaidi. Hiyo ndiyo maana ya "sahili" hapa: sukari iliyofika mwisho wa kugawika, ikigawanywa tena si sukari. Sukari mbili zikiungana tunapata sukari jozi kama sukrosi, au laktosi iliyomo ndani ya maziwa. Mamia au maelfu yakiungana tunapata wanga, glikojeni au selulosi.

Kitu kimoja, majina mengi

Mwaka wa 1747, mjini Berlin, mwanakemia Andreas Sigismund Marggraf alitumia pombe kali kutoa fuwele tamu katika mizizi ya mmea wa jamii ya kiazisukari. Alizitazama kwa hadubini akaona kwamba ni zilezile zinazopatikana katika miwa. Aidha, aligundua kwamba sukari ya zabibu kavu haifanani na ile ya miwa. Mwaka wa 1792 Johann Tobias Lowitz, aliyefanya kazi Urusi, naye alieleza kwamba sukari ya zabibu ni ya aina ya pekee.

Mwaka wa 1811, Gottlieb Kirchhoff, ambaye pia alikuwa Urusi, alichemsha wanga katika maji yenye tindikali kidogo akapata maji matamu. Jambo hili liliwashangaza wengi, kwani wanga hauna utamu. Msomaji anaweza kuliona jambo linalokaribiana na hilo bila maabara: atafune kipande cha muhogo uliochemshwa kwa muda mrefu bila kumeza, ataonja utamu ukianza kuja, kwa sababu mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga. Vivyo hivyo, matoke mabichi yamejaa wanga, lakini ndizi ikiiva sehemu kubwa ya wanga ule hugeuka sukari.

Wakati huohuo matabibu walikuwa na sukari yao. Tangu zamani waganga wa Bara Hindi waliuita ugonjwa wa kisukari kwa jina lenye maana ya mkojo wa asali. Mwaka wa 1776 Mwingereza Matthew Dobson alionyesha kwamba utamu wa mkojo wa wagonjwa hao unatokana na sukari, na kwamba sukari hiyo imo pia ndani ya damu yao. Mwaka wa 1815 Mfaransa Michel Eugène Chevreul akathibitisha kwamba sukari ya mkojo wa wagonjwa ndiyo ileile ya zabibu.

Basi hali ilikuwa hivi: kulikuwa na sukari ya zabibu, sukari ya wanga, sukari ya asali na sukari ya wagonjwa, na kumbe zote zilikuwa kitu kimoja. Mwaka wa 1838 kamati ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa ilipendekeza jina moja kwa zote, kutokana na neno la Kigiriki la divai changa, tamu. Hilo ndilo jina tunaloliandika "glukosi". Sisi tuliosoma historia ya usanifishaji wa Kiswahili hatuwezi kushangazwa na kamati ya aina hii. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa mwaka wa 1930, na ambayo Uganda ilikuwa mojawapo ya nchi wanachama, ilikabiliwa na kazi ya namna hiyohiyo: kuchagua jina moja ambapo watu wanayo manne.

Hata hivyo kusanifisha hakukumaliza tatizo. Mwaka wa 1866 mwanakemia Kekulé aliiita glukosi "dekstrosi", kwa sababu myeyuko wake hugeuza mwanga upande wa kulia. Jina hilo bado limeandikwa kwenye mifuko ya maji ya dripu hospitalini, na wagonjwa wengi hudhani ni dawa nyingine kabisa. Fruktosi, iliyotenganishwa na Mfaransa Dubrunfaut mwaka wa 1847 na kupewa jina lake na Mwingereza William Miller mwaka wa 1857 kutokana na neno la Kilatini la tunda, iliwahi kuitwa "levulosi" kwa kuwa yenyewe hugeuza mwanga upande wa kushoto.

Jina lililokosea

Katika karne hiyohiyo ya 19 lilizaliwa jina la ukoo mzima: kabohaidreti. Wataalamu walipochambua glukosi walikuta atomu 6 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni. Wakaona kwamba haidrojeni na oksijeni zimo kwa uwiano uleule wa maji, mbili kwa moja. Wakasema: hii ni kaboni iliyochanganyika na maji. Ndiyo maana halisi ya jina hilo.

Baadaye ilibainika kwamba ndani ya sukari hamna maji. Atomu za haidrojeni na oksijeni zimeshikamana na kaboni kwa njia nyingine kabisa. Zaidi ya hayo, tindikali inayoipa siki ukali wake ina uwiano uleule, lakini si kabohaidreti. Kwa upande mwingine, dioksiribosi, sukari sahili iliyotambuliwa na Phoebus Levene mwaka wa 1929, haina uwiano huo kwa sababu imepungukiwa atomu moja ya oksijeni, lakini ni kabohaidreti bila shaka yoyote.

Jina lilikuwa na kosa, na limebaki. Hili si jambo la ajabu kwa wanalugha. Tunasema jua limezama, ingawa tunajua halizami popote. Jina likishakaa midomoni mwa watu halifukuziki kwa urahisi, nasi hatuna haja ya kulifukuza. Tunachopaswa kufanya ni kumwambia mwanafunzi mapema kwamba jina halielezi umbo, asije akajenga hoja zake juu ya jina.

Herufi zilezile, maneno tofauti

Sasa tunafika kwenye kiini cha mada. Glukosi, fruktosi, galaktosi na manosi zote zina atomu zilezile kwa idadi ileile: kaboni 6, haidrojeni 12, oksijeni 6. Kwa nini basi ni sukari tofauti?

Mwalimu wa Kiswahili anaweza kulieleza hili kuliko mtu mwingine yeyote. Achukue herufi nne: L, I, M, A. Kwa herufi hizo tunaandika "lima", "mali", "mila", "lami" na "imla". Hakuna herufi iliyoongezwa wala kupunguzwa, ila mpangilio umebadilika, na maana imebadilika nao. Sukari sahili nazo ziko hivyo. Zinatofautiana kwa mpangilio, si kwa viambato.

Tena mpangilio wenyewe ni wa aina ya pekee. Mwaka wa 1874 Mholanzi Jacobus van 't Hoff na Mfaransa Joseph Le Bel, kila mmoja kwa wakati wake, walieleza kwamba vitu vinne tofauti vikishikamana na kaboni moja vinaweza kukaa kwa namna mbili, ambazo ni kama mkono wa kulia na mkono wa kushoto. Mikono hii inafanana kwa kila kitu, lakini kiatu cha kulia hakiingii mguu wa kushoto. Sukari ya aina ya glukosi ina kaboni nne za namna hii. Kila moja ina nafasi mbili, kwa hiyo mipangilio yote inayowezekana ni 2 mara 2 mara 2 mara 2, yaani 16. Ni upi kati ya hiyo 16 ulio wa glukosi?

Mjerumani Emil Fischer alianza kulishughulikia swali hili mwaka wa 1884. Wakati huo hapakuwa na chombo chochote cha kumwezesha mtu kuona molekuli. Fischer alikuwa na kemikali moja aliyoigundua mwenyewe mwaka wa 1875, fenilihidrazini, ambayo baadaye iliiharibu afya yake. Alipoichanganya na sukari alipata fuwele za manjano zinazotambulikana vizuri. Akaona kwamba glukosi, manosi na fruktosi hutoa fuwele za aina moja. Kwa kuwa kemikali ile hugusa kaboni mbili za mwanzo tu, ilikuwa lazima sehemu iliyobaki ya sukari hizo tatu iwe sawa. Kisha alirefusha sukari za kaboni tano zikawa za kaboni sita, akazibadilisha ncha zake, akapima kama zinageuza mwanga au hazigeuzi. Kila jaribio lilifuta baadhi ya mipangilio 16. Mwaka wa 1891, akiwa Würzburg, alitangaza mpangilio wa glukosi.

Wanaisimu wataitambua njia hii. Hakuna aliyewahi kusikia Kibantu cha kale kikisemwa. Hata hivyo, mwaka wa 1899 Carl Meinhof alichapisha kazi yake juu ya fonolojia ya lugha za Kibantu akijenga upya sauti za lugha mama kwa kulinganisha lugha zilizo hai. Fischer na Meinhof walifikia kisichoonekana kwa kulinganisha kinachoonekana.

Kulibaki jambo moja ambalo Fischer hakuweza kulijua. Majaribio yake yalionyesha jozi, yaani umbo na kivuli chake cha kwenye kioo, lakini hayakuonyesha lipi kati ya hayo mawili ndilo halisi. Alichagua moja, akajenga mfumo wote wa uandishi juu ya chaguo hilo. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1902, akafariki mwaka wa 1919 bila kujua kama alichagua sawasawa. Jibu lilipatikana mwaka wa 1951, Johannes Bijvoet na wenzake wa Utrecht, Uholanzi, walipotumia eksirei kupambanua mikono hiyo miwili. Chaguo la Fischer lilikuwa sahihi.

Kufuli, ufunguo na pete

Mwaka wa 1894 Fischer alitumia tashibihi ambayo imeenea kuliko kazi zake zote. Aliona kwamba kimeng'enya kimoja huvunja kiambato fulani cha glukosi na kukataa kingine kinachokaribia kuwa sawa nacho. Akasema kimeng'enya na kile kinachofanyiwa kazi lazima vilingane kama kufuli na ufunguo. Hata leo, ingawa imefahamika kwamba kufuli lenyewe hujikunja kidogo kuupokea ufunguo, tashibihi hiyo ndiyo mwalimu wa biolojia anayoanza nayo. Wanaosema kwamba tamathali za usemi ni mapambo tu wangefaa kuukumbuka mfano huu.

Fischer aliichora sukari kama mnyororo ulionyooka. Bernhard Tollens alikuwa amependekeza tangu mwaka wa 1883 kwamba mnyororo huo hujikunja, na katika miaka ya 1920 Norman Haworth wa Uingereza alionyesha kwamba glukosi kwa kawaida huwa pete ya pembe sita: kaboni tano na oksijeni moja. Haworth alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1937 pamoja na Paul Karrer. Ndani ya maji, molekuli zilizonyooka hazifiki hata moja katika mia.

Mnyororo ukijifunga kuwa pete, kikundi kimoja cha oksijeni na haidrojeni huweza kuelekea chini au juu. Ya kwanza huitwa alfa, ya pili beta. Mtu anaweza kudhani tofauti hiyo ni ndogo mno kujadiliwa. Lakini glukosi zikiungana kwa mtindo wa alfa, tunapata wanga, yaani posho, muhogo, viazi na matoke. Zikiungana kwa mtindo wa beta, tunapata selulosi, yaani nyasi, pamba na karatasi ya jarida hili. Vyote ni glukosi tupu. Vimeng'enya vyetu vina ufunguo wa alfa, havina wa beta. Ng'ombe huishi kwa nyasi kwa sababu tumboni mwake wamo vijidudu wenye ufunguo huo. Mtu mwenye njaa aliyekaa katikati ya uwanda wa nyasi amezungukwa na sukari ambayo hawezi kuila.

Kazi za sukari sahili

Kazi ya kwanza ni nishati. Mimea hutumia mwanga wa jua, maji na hewa ya kabonidayoksaidi kutengeneza sukari, na seli zetu huivunja tena hatua kwa hatua ili kupata nguvu. Ubongo wa mtu mzima hutumia takriban gramu 120 za glukosi kwa siku. Ajabu ni kwamba damu yote ya mtu mzima mwenye afya, kabla hajala asubuhi, ina takriban gramu 5 tu za glukosi, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Kijiko hicho hakipaswi kuisha wala kufurika. Mfaransa Claude Bernard alionyesha mwaka wa 1848 kwamba ini lenyewe hutoa sukari, na mwaka wa 1857 akatenga glikojeni, ambayo ndiyo ghala. Mlango wa kuingizia glukosi ndani ya seli nyingi, hasa za misuli na mafuta, hufunguliwa kwa homoni ya insulini. Insulini ilitolewa Toronto, Kanada, mwaka wa 1921 na Banting na Best, na tarehe 11 Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kudungwa. Kabla ya hapo, mtoto mwenye ugonjwa wa aina yake alikuwa akisubiri kifo tu.

Kazi ya pili ni ujenzi, kama tulivyoona katika selulosi. Kazi ya tatu ni urithi: ribosi, iliyotambuliwa na Levene mwaka wa 1909, na dioksiribosi ndizo nguzo za molekuli zinazobeba sifa za mzazi kwenda kwa mtoto.

Kazi ya nne ni utambulisho. Makundi ya damu A na B, yaliyogunduliwa na Karl Landsteiner mwanzoni mwa karne ya 20, hutofautishwa na sukari moja tu iliyo mwishoni mwa mnyororo mfupi juu ya chembe nyekundu. Kwa kundi B sukari hiyo ni galaktosi. Kwa kundi A ni sukari ya jamii ya galaktosi yenye kiambatisho kidogo. Mgonjwa akitiwa damu isiyo ya kundi lake, mwili wake huisoma sukari ile ya mwisho na kuishambulia damu yote. Watu wamekufa kwa tofauti hiyo moja.

Sukari na chumvi

Nimalizie na kisa kinachotuhusu sisi watu wa lugha moja kwa moja.

Mwezi wa Agosti 1960, katika mkutano uliofanyika Prague, Mmarekani Robert Crane alieleza kwamba kwenye ukuta wa utumbo kuna mlango unaopitisha glukosi na sodiamu ya chumvi kwa pamoja. Mmoja asipokuwepo, mwingine hapiti vizuri. Vyote viwili vikipita, maji huvifuata. Mlango huo huitambua glukosi na galaktosi kwa umbo lake, lakini fruktosi huikataa. Na jambo kubwa zaidi: hata mtu akiugua kipindupindu, mlango huo huendelea kufanya kazi.

Ilikuwa ikijulikana kwamba mgonjwa wa kuhara akinywa maji ya chumvi peke yake hapati nafuu. Mwaka wa 1968 watafiti wa Dhaka walionyesha kwamba maji yenye glukosi na chumvi kwa vipimo maalumu humwokoa mgonjwa kwa kunywa tu. Mwaka wa 1971, wakati wa vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh, kipindupindu kilizuka katika kambi za wakimbizi waliokimbilia India. Huko Bangaon maji ya dripu yalikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwanywesha wagonjwa mchanganyiko wa glukosi na chumvi. Vifo vilivyokuwa takriban 30 kwa kila wagonjwa 100 vilishuka hadi chini ya 4.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuhariri tafsiri ya kipeperushi cha afya juu ya kuhara kwa watoto. Kulikuwa na sentensi isemayo, "Tia sukari na chumvi kidogo katika maji, kisha mpe mtoto." Niliipitisha. Kiswahili chake kilikuwa safi, upatanisho wa kisarufi haukuwa na dosari. Muuguzi mmoja aliyekuwa katika kikao chetu cha mwisho aliisoma, akaniuliza, "Mwalimu, kidogo ni kiasi gani?" Nikamjibu kwamba mama yeyote anajua kidogo ni kiasi gani. Akanyamaza kwanza. Kisha akasema, "Mama anajua kwamba sukari inampa mtoto nguvu. Mtoto akilegea ataongeza. Akiongeza, sukari itavuta maji kutoka mwilini kwenda tumboni, na mtoto atahara zaidi. Chumvi nayo ikizidi ni hatari. Hii sentensi yako, Mwalimu, siwezi kumpa mama."

Tuliiandika upya: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi iliyosawazishwa. Tukaongeza kwamba maji hayo yasizidi machozi kwa chumvi. Hicho ndicho kipimo cha nyumbani. Kwa pakiti za dukani na zahanati, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipitisha mwaka wa 2002 gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida kwa kila lita, pamoja na viambato vingine viwili.

Sentensi yangu ya kwanza haikuwa na kosa la lugha. Kosa lake lilikuwa kwamba nililijua neno "sukari" bila kujua sukari inafanya nini.

Hitimisho

Kutokana na maelezo haya, ningependa kuwapendekezea walimu wenzangu mambo matatu. Kwanza, tutumie "sukari sahili" au "monosakaridi" na tuliache neno "rahisi", kwa sababu maana yake ya bei iko karibu mno na neno sukari. Pili, kila tunapofundisha istilahi ya sayansi tuifundishe pamoja na mchoro, hata kama ni wa kuchora ubaoni kwa chaki. Pete ya pembe sita inachorwa kwa nusu dakika. Tatu, tukipewa matini ya afya, tukae na muuguzi au mwalimu wa biolojia kabla ya kuidhinisha tafsiri, wala tusione haya kuuliza swali linaloweza kuchekwa.

Mwanafunzi aliyeuliza kuhusu sukari ya bei nafuu sasa ni mwalimu. Mwaka huu nimeitumia tena aya ileile, na kabla ya kuigawa nimechora ubaoni herufi L, I, M, A na chini yake pete mbili, alfa na beta. Msomaji mwenye istilahi bora kuliko "sukari sahili" anakaribishwa kutuletea katika toleo lijalo, mradi aambatanishe na maelezo ya umbo.